Mlango wa Bi Elsba

Hapa Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vyetu vya Faroe, hakuna penzi linaloota bila mimi kulinusa kabla halijatoa jani. Isipokuwa hili la Durita na Eydna, lililokua mbele ya macho yangu miezi na miezi, mimi nimekaa chini ya kikaushio na rola kichwani, nikidhani wale wawili wanagombania shampuu. Kwa hiyo haya nimeyapata kwa Durita mwenyewe, na Durita si mtu wa kupamba maneno. Anapamba vichwa tu.

Lilianza siku ya Ólavsøka, sikukuu yetu ya Julai, nchi nzima ilipojimwaga mjini. Uwanja wa mbele ya bunge ulijaa bega kwa bega, kila mtu ndani ya vazi la kitaifa linalonuka kabati. Durita alivaa sketi ndefu ya mistari, aproni ya maua na shali ya hariri ya bibi yake, na viatu vya bizimu vilivyokuwa vikimla vidole. Alikuwa na miaka hamsini na moja na alikuwa anatafuta mahali pa kukaa.

"Dada, samahani," sauti ikasema nyuma yake. "Una vidole?"

Akageuka. Mwanamke mrefu, mabega kama mlango wa ghala, kizibao chekundu cha sufu kimeachia wazi kifuani, na ule mnyororo wa fedha wa kukifungia ananing'iniza mkononi kama kashika mkia wa panya.

"Ninavyo kumi," akasema Durita. "Unataka vingapi?"

"Vyembamba vyote. Mimi nanyanyua kontena zima nikaliweka chini bila kuamsha paka, lakini huu mnyororo umenishinda tangu asubuhi."

"Kontena?"

"Naendesha winchi bandarini."

"Na mwaka jana alikufunga nani?"

"Mama. Mwaka huu tumegombana."

"Mmegombania nini?"

"Kwamba kila mwaka ananifunga yeye. Anataka kujua lini atapatikana mwingine."

Durita akacheka, akaushika ule mnyororo, akaanza kuupitisha kwenye vishikizo vya fedha, kulia, kushoto, kulia, kama anavyosuka nywele za maharusi. Harufu ya sufu na sabuni ya mikono ya bandarini ikampanda puani.

"Vuta pumzi," akasema.

"Nimeivuta tangu ulipogeuka. Nasubiri ruhusa ya kuitoa."

Durita akaona masikio yake yanapata moto, akakazia macho kazi. Alipomaliza akarudi hatua nyuma, akamtazama juu mpaka chini.

"Kifua sasa kiko sawa. Hizo nywele nani alikukata?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mkasi wa kamba."

"Inaonekana. Njoo saluni kwangu Jumanne, kabla hujakamatwa."

Jumanne akaja. Na Jumanne iliyofuata akaja tena, nywele hazijaota hata kidogo.

Kutoka juu kwenye winchi yake Eydna aliuona mji wote, na saluni ya Durita ilikuwa kwenye kona ya barabara ya chini, karibu na bandari. Simu ikawa inalia mchana mkasi umo mkononi.

"Umevaa sweta la kijani leo, mpenzi. Linakupendeza."

"Eydna, fanya kazi."

"Nafanya. Nimeshika tani za samaki hewani, wanakusalimu. Mbona huli? Sijaona umekula."

"Unanichunguza kama wale ndege wa baharini."

"Ndege wa baharini hawapiki. Mimi jioni nakuletea nyama ya kondoo iliyokauka, mama kaikata."

"Mama yako anajua anamkatia nani?"

Upepo ulivuma ndani ya simu.

"Anajua anamkatia yule msusi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Eydna aliishi na mama yake, Bi Elsba, kwenye nyumba nyeusi ya mbao kule mlimani. Bi Elsba alikuwa mjane, mfupi, mkali, muumini wa kile kikundi cha kanisa kinachokutana Jumatano kuimba zaburi. Durita alikuwa akiingia pale kama sisi sote tunavyoingiliana, hakuna hodi, hakuna kengele. Unasukuma mlango, unavua viatu, unapaza sauti kuwa umefika, unakuta kahawa. Bi Elsba alimmiminia kikombe, akamsogezea mkate na jemu ya rubabi, yale mashina machachu ya bustanini, akamwita "yule msusi" hata akiwa amekaa mbele yake. Hakuuliza kitu. Hapa kwetu asiyeuliza hajibiwi, na watu wanaweza kukaa hivyo hadi kaburini.

Kisha bunge likaleta ile sheria.

Sijui kama umewahi kukaa ukisikiliza taifa zima likijadili kitanda chako. Durita alisikiliza kuanzia masika mpaka masika mengine. Redio asubuhi, redio mchana, gazeti, kanisani, dukani kwenye foleni ya viazi. Je, watu wa jinsia moja waruhusiwe kufunga ndoa? Je, walindwe na sheria kama wengine? Mchungaji kasema hivi, profesa kasema vile, mbunge kasema anawapenda wote lakini. Kila mtu alikuwa na lile "lakini" lake. Na wote walilileta saluni.

"Mimi sina ubaya nao," alisema Sigga, mke wa mbunge Heini, kichwa kimeinama kwenye sinki. "Lakini kwa nini waite ndoa? Si waite kitu kingine?"

"Kitu gani?" akauliza Durita, akimsugua.

"Sijui. Mkataba."

"Hata simu yangu ina mkataba, Sigga. Inua kichwa."

"Na nani atakuwa anaoa, nani anaolewa?"

"Wanaoana. Maji si ya moto?"

"Kidogo."

"Vumilia."

Vijana wa upande wa sheria nao wakaja, wana bendera za rangi na macho yanayong'aa, wakamtaka Durita azungumze redioni. Yeye ni mfano, wakasema.

"Mimi si mfano, wanangu. Mimi ni msusi. Nina watu wawili wanasubiri rangi."

Alichoka. Alichoka na wanaompinga, akachoka na wanaomtetea, maana wote walitaka asimame mahali wanapoweza kumwona vizuri. Jioni alikuwa anakaa kwenye kiti cha wateja, taa kazima, anajitazama kwenye kioo kama anasubiri huduma.

Eydna yeye hakuchoka kwa namna ile. Siku moja ya Februari, mvua inapiga dirisha upande kwa upande, alimshika Durita mkono juu ya meza.

"Unawakumbuka Mikkjal na Óli wa mtaa wa chini?"

"Nani asiyewakumbuka."

"Wamekaa nyumba moja tangu ujana. Óli kafa, wapwa zake wakashuka na ndege kutoka Denmark, wakaiuza nyumba Mikkjal yumo ndani anakunywa kahawa. Sheria iliwaruhusu. Sitaki wewe uje unywe kahawa namna ile, Durita. Ikipita, tunaoana."

"Uniulize basi, usinitangazie."

"Utakubali?"

Durita akatazama dirishani. Aliwaza Sigga, aliwaza sinki, aliwaza wateja wangapi wangekumbuka ghafla kwamba wana binamu anayejua kuseti nywele.

"Waache kwanza wamalize kusema," akajibu.

Eydna akaachia mkono wake polepole. "Sawa. Lakini na mimi nina langu. Sifungi ndoa kama mtu anayeiba kuku. Aliyemzika baba pamoja nami ni mama. Anayenikandia mgongo nikishuka kwenye winchi ni mama. Siku hiyo awepo amekaa pale. Asipokuwepo, sijui kama ulimi wangu utatamka ndiyo."

"Mama yako anazima redio wakiitaja hiyo sheria!"

"Najua. Mimi ndiye ninayeiwasha tena."

Mwezi wa Machi, Jumatano moja mchana, Durita akaoka keki ya rubabi. Alitaka kwenda kusema kile alichoshindwa kusema Februari. Akapanda mlima, upepo unamvua kofia kila hatua, akafika, akashika kitasa, akasukuma.

Mlango haukufunguka.

Akasukuma tena kwa bega, akidhani mbao zimevimba kwa unyevu. Wapi. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndani alisikia sauti za watu, kisha sauti zikakatika ghafla, kama mtu kaziba mdomo.

Lazima nikwambie jambo hili lilivyokuwa, maana labda wewe unatoka mahali ambapo mlango hufungwa. Hapa kwetu mlango wa nyumba haufungwi. Tunafunga banda la nyama kwa ajili ya paka. Anayekufungia mlango mchana, wewe ukiwa na keki mkononi, kakwambia yote ambayo mdomo ungeweza kusema.

Durita akakaa kwenye ngazi kidogo. Hakulia. Alisema baadaye kwamba hata kulia alikuwa kachoka. Akashuka na keki yake.

Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, leo hukuja?" Sauti ya Eydna ilikuwa ya chini, ya mtu anayejificha.

"Nimeelewa, Eydna."

"Umeelewa nini?"

"Usijisumbue. Mwambie mama yako ameshinda."

"Ameshinda nini? Durita, ndio unanikimbia? Kura imekaribia ndio unatafuta sababu?"

"Mimi nakimbia?"

"Nilikuuliza Februari ukatazama dirisha!"

Durita akakata. Eydna, mwenye kichwa kigumu kama vyuma vyake, hakupiga tena. Siku zilizofuata Durita akahamisha kiti chake cha kazi upande wa ukutani, mahali ambapo macho ya juu ya winchi hayafiki. Mimi nilimuuliza kwa nini. Akasema ni kwa ajili ya baridi. Nikaamini! Sigga naye akaja na habari.

"Nani kafa kwa Elsba? Nasikia mlango umefungwa."

"Sijui," akasema Durita, akambana rola mpaka Sigga akatoa machozi.

Siku ya kura ilikuja na mvua nyembamba, ile isiyoanguka, inayosimama hewani tu. Durita alikusudia kukaa saluni. Lakini hakuna mteja aliyekuja. Watu wote walikuwa uwanjani, na redio ilikuwa inasoma hotuba moja baada ya nyingine, "waheshimiwa" na "lakini", mpaka akaizima, akavaa koti, akatoka.

Upande mmoja wa uwanja walikuwa wenye bendera, zimelowa, zimejikunja kwenye miti. Upande mwingine walikuwa wenye zaburi, vitabu vimefunikwa kwa plastiki. Walikuwa wamesimama tangu asubuhi. Wote wana pua nyekundu. Mama mmoja wa zaburi alikuwa anammiminia kahawa kijana wa bendera kutoka kwenye chupa yake, maana ni mpwa wake. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumchukia mwenzake tena. Walitaka tu iishe waende nyumbani wakavue soksi.

Eydna alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka la vitabu, ovaroli la kazi bado mwilini, kofia ngumu magotini. Macho yamevimba. Durita akasimama mbele yake.

"Winchi umemwachia nani?"

"Upepo. Leo kontena hazinyanyuliwi." Eydna hakuinua kichwa. "Umehamisha kiti."

"Na wewe ulifunga mlango."

"Mlango gani?"

"Usinifanye mjinga, Eydna! Jumatano ile. Nimekuja na keki, nimeshika kitasa, mlango umefungwa, na ninyi ndani mmenyamaza kimya."

Eydna akamtazama.

"Ni wewe uliyeshika kitasa?"

"Nani mwingine?"

"Tulidhani ni mzee Jákup wa kikundi na zaburi zake! Durita, tulikuwa chini ya meza!"

"Chini ya meza?"

"Mimi na mama! Wale wa kikundi walikuwa wanaingia kila siku, mpenzi, bila hodi, si ndivyo tunavyoingia? Asubuhi anakuja huyu ananiombea, mchana yule, jioni watatu. Nakunywa supu wananishika kichwa. Siku hiyo mama akamwita fundi. Mlango wenyewe haujawahi kuwa na ufunguo tangu ujengwe. Fundi kauliza mara tatu, una uhakika, Bi Elsba? Mama kasema weka. Kumbe anayesukuma ni wewe!"

Durita akakaa kwenye ngazi, maji yakapenya sketi.

"Mama yako ndiye aliyefunga?"

"Kwa mkono wake. Akasema, 'Ni dhambi, na nitawaambia wote kwamba ni dhambi, lakini ni dhambi ya nyumbani kwangu na siigawi na Jákup.'"

Durita akacheka kwanza, kisha ndipo ile miezi yote ikamtoka machoni. Eydna akamzungushia mkono, wa ovaroli, unaonuka grisi, mbele ya bendera na zaburi na kila mtu. Hakuna aliyegeuka. Au waligeuka, lakini walikuwa wamechoka.

Mlango wa bunge ukafunguliwa. Mtu mmoja akatoka, akasema kitu, na upande wa bendera ukapiga kelele. Imepita. Upande wa zaburi ukaanza kuimba, taratibu, kama watu wanaokunja nguo. Sigga alikuwa karibu na wao, mwavuli mkononi, akimsubiri Heini wake.

"Durita," akasema Eydna sikioni. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Wamemaliza kusema."

"Hawa hawamalizi," akasema Durita, na akapaza sauti, hata Sigga akashtuka. "Ndiyo! Nakubali, tunaoana! Sigga, umesikia? Uwaambie, unipunguzie kazi!"

"Nimesikia, mwanangu," akasema Sigga. "Jumanne niko palepale? Saa nne?"

"Palepale."

Lakini kungoja hakukuisha. Sheria nayo ikabidi ipelekwe Copenhagen, maana visiwa vyetu viko chini ya Denmark, nao wakaikalia, na mwaka ukapita. Walipoweza hatimaye kuweka siku, Eydna alikwenda kumwambia mama yake. Durita alingoja simu.

"Amesemaje?"

"Ameuliza siku gani. Nikamwambia. Ameangalia kalenda ya ukutani, akasema siku hiyo ana shughuli."

"Shughuli gani?"

"Hajasema. Akaendelea kufuma."

"Tuahirishe?"

"Hapana. Nimechoka, Durita. Tutakwenda. Lakini ujue nitakuwa nimesimama pale nakujibu wewe huku natazama mlango, na usinione vibaya."

"Tazama. Mimi nitakushika mkono."

"Na asipokuja, nikikwama kusema?"

Durita alilibeba swali hilo mpaka siku yenyewe.

Asubuhi hiyo alikuwa peke yake saluni, pazia limeshushwa. Alikuwa kavaa nusu, sketi na kizibao, shali bado kwenye kiti, anajifunga mwenyewe mnyororo wake. Mlango ukasukumwa. Bila hodi.

Bi Elsba akaingia, akavua viatu ingawa ni saluni, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyeitwa na daktari wa meno. Alikuwa na koti refu jeusi limefungwa mpaka kidevuni, na mkoba ameukumbatia. Hajawahi kukanyaga pale. Nywele zake alikuwa akikatwa jikoni na dada yake.

"Msusi," akasema.

"Bi Elsba. Karibu."

"Najua leo una mambo yako. Hayanihusu. Mimi nataka nywele za mazishi."

Durita akauachia mnyororo. "Mazishi ya nani, mama?"

"Hanus. Shemeji yangu wa Klaksvík."

"Masikini! Pole sana. Sijasikia redioni."

"Redio hawasomi wote."

"Alikuwa anaumwa?"

"Ghafla tu," akasema Bi Elsba, akijitazama kwenye kioo. "Amekwenda vizuri. Fanya haraka, mazishi ni mchana. Na juu uinue kidogo. Si sana. Kidogo."

"Kwa mazishi?"

"Hanus alipenda ziinuliwe."

Durita akachukua kitana. Nywele zilikuwa nyeupe, laini kama za mtoto. Akamchana. Akamwekea rola, akampulizia dawa, akainua juu kidogo, kisha kidogo zaidi, na Bi Elsba hakumkataza. Koti likaachia kifungo kimoja cha juu. Ndani yake paling'aa vishikizo vya fedha. Bi Elsba akakifunga haraka.

"Joto," akasema.

"Ni joto," akasema Durita.

Mlango ukasukumwa tena. Akaingia mzee mnene, mashavu mekundu, suruali ya kitaifa ya magotini, vifungo vya fedha kutoka kidevuni mpaka kitovuni, ua kifuani, funguo za gari mkononi.

"Elsba! Bado tu? Tumekubaliana saa tano! Watafunga ndoa bila sisi, na viti vya mbele vitakwisha!" Akamwona Durita, akatabasamu meno yote. "Ahaa, bi harusi mwenyewe! Mimi Hanus, wa Klaksvík. Hongera sana, mwanangu."

Kitana kikabaki hewani. Durita akamtazama Hanus, kisha akamtazama mama mkwe wake kwenye kioo.

Bi Elsba hakugeuza shingo, kwa ajili ya nywele. Wekundu ulianza kwenye koti ukapanda mpaka kwenye mizizi.

"Huyu," akasema, "ni Hanus mwingine."

"Mwingine yupi?" akauliza Hanus.